Sisi Hatuapi

Mkunazini, Unguja
24 Machi 1966

Mpenzi Kidawa,

Natumai barua hii itakufika. Nimempa dereva wa gari la Kizimbani na kumwomba aikabidhi kwa mjomba wako Matar, kule kwenye kitalu cha mikarafuu anakofanya kazi. Nimeifunga vizuri.

Tangu uondoke, dawati letu nalikalia peke yangu. Jana mwalimu wa Jiografia aliita jina lako, mmoja nyuma akasema, "Kahamia shamba, mwalimu," na wengine wakacheka. Sikupenda. Lakini sikusema kitu.

Mama yako hanitazami tukikutana mferejini kuteka maji. Nasikia nawe umenikasirikia, na nadhani ni kwa sababu hukuwepo, hukuona mambo yalivyokwenda. Kwa hiyo nataka kukueleza kwa utulivu.

Bi Wanu aliponiita barazani kwake nilikuwa sijui naitiwa nini. Nilimkuta na mama yako, na yule jirani yenu Bi Mwanapili akijipepea kwa upande wa kanga. Nikaamkia, wakaitikia. Bi Wanu akasema, "Damari, mwanangu Muhiddin amemposa Kidawa, na harusi ni baada ya Iddi Kubwa. Unalijua hilo?"

Nikasema, "Naam, Bi. Nalijua."

"Bi Mwanapili anasema Jumapili ile alasiri kamwona Kidawa uchochoroni na mwanamme, wamesimama wanazungumza. Kidawa anasema si yeye, alikuwa na wewe. Ni kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, alikuwa na mimi."

"Wapi?"

Nikasema, "Tulikuwa tunatembea tu."

Akajisogeza karibu nami. Kisha akasema, "Basi apa, mambo yeshe. Mimi sitokulazimisha dini yangu. Apa kwa yako."

Nikamjibu, "Samahani, Bi Wanu. Sisi hatuapi."

Bi Mwanapili akaacha kujipepea. Akasema, "Mmesikia wenyewe." Mama yako akasimama akaingia ndani. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi.

Kidawa, Mwalimu Felisia, anayetufundisha darasa la Kipaimara, alitueleza mwanzo wa Kwaresima kwamba Bwana anataka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, basi. Alisema sisi wa Unguja tumezoea kutia kiapo katika kila neno kama chumvi, hata hatuonji tena. Nikaamua kuacha. Tangu Jumatano ya Majivu sijaapa hata mara moja, na Mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu. Ningewezaje kuvunja nadhiri yangu barazani, tena mbele ya watu wasio wa kanisa letu, waliokuwa wakinitazama mimi kama mfano? Ndiyo yangu nilishaitoa. Kama hawakuiamini, je, kosa ni langu?

Nashukuru kwamba lile jambo letu la Jumapili hukulitaja kwa mtu.

Nakuombea kila siku. Nadhani nilifanya lililo sawa, ingawa chakula hakinipendezi siku hizi.

Wako akupendaye,
Damari Silasi


Kizimbani
30 Machi 1966

Damari,

Ama baada ya salamu, ambazo leo sinazo nyingi, barua yako nshaisoma. Mjomba kanipa mbele ya wafanyakazi wote na mkewe akasema, "Bi harusi kaandikiwa." Huku jina langu ndilo hilo sasa.

Dini umenieleza vizuri. Nami nikueleze Damari ninayemjua mimi. Mwaka jana uliniapia wallahi kwamba badia za kunde anazokaanga Bi Mwanapili zina mchanga. Uliapa haki ya Mungu kwamba mwalimu wa hesabu kavaa soksi za rangi mbili, na tulipomwangalia kumbe hakuvaa soksi kabisa. Tukiruka kamba, kila ukiikanyaga unaapa hukuikanyaga. Kwa badia uliapa, kwa soksi uliapa, kwa kamba uliapa. Ilipofika zamu yangu ndiyo ukakumbuka kuwa mna dini.

Na hilo la kiapo ningekusamehe. Watu wana dini zao, hata mimi kuna vitu siwezi kuvila kwenu. Lakini "tulikuwa tunatembea tu"? Nani aliyetembea, Damari? Tulikuwa tumekaa kitako sinema, onyesho la wanawake. Mle ndani hamna mwanamme ila yule wa mashine, naye kafungiwa juu kwenye kijumba chake. Ungesema hilo tu, maneno ya Bi Mwanapili yangekufa palepale kwenye mkeka. Hukusema, kwa kuwa Jumapili ile ulitakiwa uwe darasani kwa Mwalimu Felisia, ukampelekea habari kwamba kichwa kinakuuma. Na ni mwezi wenu wa toba, na baba yako ni mzee wa kanisa. Tulipotoka pale mlangoni ulinishika mkono ukaniambia, "Kidawa, usimwambie mtu, hata mama yako." Nikakwambia sitosema.

Sikuapa. Nlisema tu sitosema, na sikusema. Mama kaniuliza mpaka akalia. Nikamwambia, "Muulizeni Damari." Nlikuwa na uhakika na wewe kuliko nlivyo na uhakika na jua. Sasa hata nikisema, watasema nimetunga huku shamba, nimepata wasaa wa kutunga.

Asubuhi namwagilia miche, jioni namwagilia miche. Tangu posa ivunjwe, Muhiddin hajaniletea hata neno. Yule aliyekuwa akipita mtaani kwetu hana safari, anajifanya ameangusha kitu ili apate kusimama, leo hajui njia ya Kizimbani.

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Kidawa Machano


Mkunazini
2 Aprili 1966

Mwalimu wangu mpenzi, Mwalimu Felisia,

Shikamoo. Sote darasani tunakuombea huko Tanga unakomwuguza mama yako, na tunatumaini utarudi kabla ya Baba Askofu kuja kutupa Kipaimara.

Nina swali, Mwalimu. Si langu hasa, ni jambo nililolisikia. Kama mtu ameamua kutoapa, kwa kumtii Bwana, na kwa sababu hiyo mtu mwingine akapata hasara, je, yule asiyeapa ana dhambi? Au hasara ile ni juu ya wale waliodai kiapo?

Naomba unijibu ukipata nafasi.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Damari Silasi


Tanga
9 Aprili 1966

Mwanangu Damari,

Marahaba. Mama anaendelea vizuri, sasa ananiamuru kama zamani.

Nimefurahi kwa swali lako, na usidhani sikufahamu. Lazima kuna watu wamekubana uape, ukakataa, na sasa unaona haya kujisifu, ndiyo maana unasema si lako. Vyema. Nilimsomea mama barua yako, akasema mtoto huyu amelelewa.

Nikujibu sasa. Bwana hakukataza kiapo ili tuwe na neno zuri la kuwajibu watu. Alitaka neno letu tupu litoshe, mtu akilichukua aende nalo nyumbani asilikute na tundu. Kwa hiyo anayekataa kuapa amejitwika mzigo mkubwa kuliko anayeapa, maana ameahidi kwamba hana anachokificha. Kama yule mtu wa swali lako alisema kweli yote, basi hasara si juu yake. Kama alisema nusu, akaifunika nusu nyingine kwa maneno ya Bwana, hapo, mwanangu, ingekuwa afadhali angeapa kama watu wengine.

Lakini hayo ni ya kufundishia tu. Wewe nakujua. Hata Jumapili ile uliyoumwa kichwa nilisikitika, kwa kuwa najua hukosi darasa ila kwa jambo zito. Nilikuombea madhabahuni.

Nitarudi juma la pili baada ya Pasaka. Msalimie baba.

Mwalimu wako,
Felisia


Mkunazini
19 Aprili 1966

Kidawa,

Ulisema nisiandike mpaka niwe na la kusema. Leo ninalo. Sikuombi ulisome mpaka mwisho.

Mwalimu Felisia aliniandikia barua njema, nami sikuweza kuimaliza kwa mara moja. Pasaka nilikwenda kanisani na gauni jipya, nikakaa safu ya mbele na wenzangu wa Kipaimara. Watu walipokwenda kukomunika nilifikiri, mimi nimekaa hapa kwa gharama ya Kidawa. Nilijidai nimelishika neno la Bwana. Kumbe nilikuwa nimejificha nyuma yake, kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia, miguu yote iko nje.

Jumamosi nilimfuata baba kwenye meza yake ya useremala. Alikuwa anapiga randa mlango. Nikamwambia yote. Hakusimama, aliendelea kupiga randa mpaka mwisho wa ubao, kisha akaiweka.

Akauliza, "Kichwa hakikuuma?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akapangusa vumbi la mbao mikononi, akasema, "Vaa viatu. Twende kwa Bi Wanu."

Nikamwambia labda ningeandika barua. Akasema, "Uliyaharibu kwa mdomo, barazani. Barua ya nini?" Njia nzima alitangulia yeye, mimi nyuma. Nilitamani anipige, lakini baba yangu hanipigi.

Bi Wanu alitupokea vizuri, akadhani tumekuja kwa habari ya kitanda alichokuwa amemwagiza baba. Baba akamwambia, "Mimi nimekuja kusikiliza tu, Bi Wanu. Huyu ndiye mwenye maneno. Na ingekuwa vyema na wale wengine wakaitwa." Kwa hiyo mama yako aliitwa, akaja na ushungi umefunika nusu ya uso, na Bi Mwanapili aliitwa, akaja kabla hata hajaitwa vizuri.

Nilisimama. Bi Mwanapili akasema, "Haya, leo utaapa?"

Nikasema, "Hapana, Bi. Leo sifichi." Nikawaambia tulikuwa sinema, onyesho la wanawake, tangu alasiri mpaka magharibi, na hukuondoka ubavuni pangu. Nikawaambia filamu ilikatika katikati, taa zikawashwa, na wanawake wakampigia kelele yule wa mashine mpaka akaiunga. Nikawaambia nilimdanganya Mwalimu wangu kwamba naumwa, na nilikuomba usimwambie mtu, nawe hukumwambia. Nilisema hayo mbele ya baba, na kila neno nililiona linavyomwingia.

Mama yako akauliza polepole, "Mwanangu alinyamaza kwa ajili yako?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Nilimwita mwongo. Nilimwambia hana haya. Akaninyamazia kwa ajili yako?"

Nikasema tena ndiyo. Sijawahi kusema neno zito kama lile, Kidawa, na ni lilelile tunalolisema kutwa nzima.

Bi Wanu akanigeukia mimi. Kisha akasema, "Siku ile ulipokataa kuapa, nilisema moyoni, huyu mtoto ana jambo analolificha. Kumbe sikukosea. Nilikosea tu ni jambo la nani."

Bi Mwanapili akasema, "Basi yule msichana wa buibui niliyemwona mimi alikuwa nani?"

Hapo ndipo baba aliposema kitu, mara moja tu. Alisema, "Bi Mwanapili, hilo nakuomba tusilitafute."

Jana nilimwandikia Mwalimu Felisia, nikamwambia swali lile lilikuwa langu. Padri nilimwendea mwenyewe. Kipaimara nitangoja mpaka Askofu atakapokuja tena. Sikuandikii hayo ili unihurumie. Nimekuandikia ujue kwamba jina lako limesafishwa hapa mtaani, na kwamba aliyelichafua si Bi Mwanapili.

Nisamehe, kama utaweza.

Damari


Kizimbani
4 Mei 1966

Damari,

Nimeisoma mpaka mwisho.

Mama alikuja siku ya pili baada ya wewe kusema barazani, hata chakula hakula, alinikumbatia kwenye kitalu mbele ya watu mpaka kopo la maji likatumwagikia miguuni. Mke wa mjomba sasa ananiita Kidawa. Anasema yeye tokea mwanzo hakuamini. Nimemwachia.

Kisha Bi Wanu akaja. Kaja na haluwa na kanga, kakaa na mjomba, kasema wao walipotea na wanaomba turejee palepale tulipokuwa. Mjomba Matar akaniita akaniuliza. Nikasema, "Mimi sikuposwa na Bi Wanu. Aliyeniposa ana miguu." Mjomba akaona haya kwa niaba yangu. Lakini Bi Wanu akacheka, akasema, "Kasema kweli."

Ijumaa Muhiddin akaja. Kaja na shati la pasi, viatu vimejaa udongo mwekundu. Mjomba akajifanya anahesabu miche karibu yetu, asituache peke yetu, na Muhiddin akasimama pale hajui mikono aiweke wapi. Akaanza maneno marefu, kwamba ni wazee, kwamba ni mtaa, kwamba yeye angefanya nini. Nikamwachia mpaka yakamwishia. Kisha nikamuuliza, "Wewe mwenyewe uliamini?"

Nlidhani ataapa. Nlikuwa nshajitayarisha kwa wallahi zake zote, niondoke nimwache nazo. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Ndiyo. Niliamini."

Nikamwambia aende, nitampelekea jawabu. Lakini nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata mama. Angesema hakuamini, mambo yangekuwa yameisha pale. Sasa sijui. Kuna mtu mmoja angalau ambaye ameniambia neno lililomwumiza yeye mwenyewe, na nimeliona halina tundu.

Wewe umeniomba radhi. Umeeleza vizuri, nawe kueleza unajua tangu zamani. Lakini ukisoma barua yako utaona kama mimi, kuna pahali hukufika. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, nami sitaki kiapo wala aya.

Siku ile barazani, Bi Wanu alipokuuliza "Wapi?", kama mtu angekunong'oneza sikioni kwamba ukificha, Kidawa atavunjiwa posa na atapelekwa shamba, ungesema?

Usinijibu upesi.

Kidawa


Mkunazini
9 Mei 1966

Kidawa,

Sikujibu upesi. Nilianza barua hii nikaandika kwamba bila shaka ningesema, kwa sababu nakupenda, na ni kweli nakupenda. Nikaichana. Nikaandika kwamba sijui, kwa sababu hakuna ajuaye angefanya nini. Hiyo nayo nilikaribia kuituma, maana ni jawabu ambalo hakuna mtu angenikamata nalo. Nikaichana pia.

Nimejaribu kukumbuka vizuri wakati ule, kabla sijafungua mdomo. Nilimwona mama yako. Niliona anavyonitazama. Hakuna aliyehitaji kuninong'oneza, Kidawa. Nilijua kwamba ni kwa ajili ya posa yako, Bi Wanu alikuwa amenieleza kabla ya kuniuliza. Nilijua, na niliona pia moyoni uso wa baba, na safu ya mbele kanisani, na Mwalimu akinisifu, na nikapima.

Kwa hiyo jawabu ni hapana. Siku ile nisingesema.

Damari